Uzito wa Taulo

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mikate,
Chumba cha tatu.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Pokea salamu za kujaza chumba chako mpaka mlangoni. U hali gani? Kile kikohozi cha asubuhi kiliisha? Mimi mzima, ila goti la kushoto, nililozunguka nalo miji saba bila kulisikia likilalamika, siku hizi linanung'unika nikipanda ngazi za hoteli. Mama yako ni mzima wa mwili.

Najua ukiona mwandiko wangu utataka kuichana barua. Ichane, lakini isome kwanza.

Unanijua. Mimi ndiye mjomba niliyetembea, niliyefua shati la balozi kwa mikono hii, nikaishia darasa la sita na bado nikawa msimamizi wa dobi kwenye hoteli ya vyumba tisini. Basi nilipopima mafurushi ya taulo nikakuta yamepungua kilo sita, sikuuliza mtu. Nilipiga bongo peke yangu. Taulo zote zina uzito mmoja, uzito umepungua, basi taulo zimepungua. Ufunguo wa stoo unao wewe tu. Basi mwizi ni wewe. Nikaenda kwa meneja kifua mbele.

Uliniuliza neno moja mbele yake.

"Mjomba, umezihesabu?"

"Mtoto wa dada, wajuzi hawahesabu taulo. Wanapima."

Hata meneja alicheka. Mshahara wako ukaanza kukatwa mwezi uleule, na kabla ya makato ya nne ukafunga begi ukaenda zako bila kuaga.

Ufunguo nikabaki nao mimi. Mizani ikaendelea kushuka. Nikaita fundi, akasema mizani haina kasoro, labda mpimaji. Wiki iliyopita nikajifungia stoo nikazihesabu moja moja, mara mbili. Mia tatu na ishirini. Zote zipo, mpwa wangu. Haikutoka hata moja.

Kumbe taulo huisha polepole. Kila ikifuliwa na kukaushwa huacha nyuzi, na hizo nyuzi mimi ndiye niliyekuwa nikizitoa kwenye chujio la mashine ya kukaushia kila jioni, konzi kwa konzi, na kuzitupa pipani. Kilo sita zilipita mikononi mwangu huku nikikuita wewe mwizi.

Hoja yangu ilinyooka kama shuka iliyopigwa pasi. Ubovu ulikuwa kwenye neno la kwanza, lile la taulo zote kuwa na uzito mmoja, nami sikulikagua kwa sababu lilitoka kwangu.

Nimeyasema haya mbele ya meneja na madobi wote. Wamecheka, na walikuwa na haki. Mhasibu, yule mama wa miwani, alifuta makato yako kwa mstari mmoja. Fedha zako zote umeshawekewa benki. Nilisimama pale kwenye dirisha lake la malipo nikipiga hesabu. Kinachokatwa kwenye mshahara kina kiasi chake, na hurudi mpaka senti ya mwisho. Nilichokuondolea mimi kwa kuwaza sikijui kiasi chake, na sina dirisha la kwenda kukidai.

Sasa nisikie hili. Mama yako hajui unakaa na nani wala unakula nini. Siku ile hakukutetea kwa sababu kaka yake aliapa. Leo anajua ukweli, na kila akishika kalamu akuandikie, anaona haya, anaiweka. Mimi usinisamehe haraka. Nikasirikie mpaka utosheke. Yeye mwandikie. Kosa lake ni moja tu, kuniamini mimi.

Bibi yako anakusalimu sana, na anasema yeye hoja yangu hakuiamini hata siku moja, kwani ndiye aliyenizaa. Msalimie unayekaa naye, kama yupo.

Mungu akutangulie kila uingiapo na utokapo, na akuepushe na watu wenye uhakika.

Mimi mjomba wako, nikupendaye hata nilipokukosea,

Mjomba Tembea