Friji wa Dirisha la Malalamiko

Jumatatu, 3 Machi

Nimetangazwa mfanyakazi bora wa duka. Sababu: uvumilivu. Mteja alinirushia droo ya friji, ile ya mboga, ikanipiga begani. Nikaiokota, nikaikagua, nikamweleza kwamba dhamana haihusu plastiki. Wenzangu hukaa kwenye dirisha la malalamiko kwa zamu, wiki moja moja, na wengi hutoka wakilia. Mimi sijabadilishwa tangu mwaka jana. Wananiita Friji. Bosi anasema nina moyo wa ajabu. Lakini sivumilii chochote – hakuna kinachonifikia. Hata wenzangu waliponipigia makofi ya pongezi, hayakunifikia.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu amehamia kwa dada yake. Begi lilikataa kufungika, nikamsaidia: nikakunja upya magauni, nikapanga viatu pembeni. Likafungika vizuri. Yeye alisimama tu akinitazama.

"Hata hujaniuliza naenda wapi, mume wangu."

Nikamuuliza. Akakaa kitandani, akalia. Nikampa kitambaa – cha vyombo, ndicho kilichokuwa karibu. Akasema hataki nimwombe abaki. Anataka niumie. Hata kidogo. Siku nitakayoumia nimjulishe.

Alhamisi, 6 Machi

Nimejaribu. Nimelala upande wake wa kitanda. Nimetazama picha ya harusi – tai yangu ilikuwa imepinda. Nimekata vitunguu, machozi yalitoka, lakini nadhani hayo hayahesabiki. Jirani akanialika kutazama tamthilia ya kuhuzunisha. Alilia yeye, akalia mumewe. Mimi niliwashikia bakuli la karanga.

Nataka kumtaka mke wangu. Nafika hapo tu, sivuki.

Jioni shemeji, dada wa mke wangu, akapiga simu. Nilitegemea matusi. Badala yake akanieleza jambo nisilolijua: alipojifungua, alimtazama mwanawe kama mzigo wa abiria mwingine. Akadhani amelaaniwa. Kumbe ni hali inayojulikana, na wapo watu wa kusaidia. Yuko mshauri nasaha kwenye kliniki ya nyuma ya soko.

"Nimeshakuandikisha Jumatano, shemeji. Ukichelewa nakuja kukuburuta."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeomba ruhusa ya kwenda kliniki Jumatano. Bosi akafunga mlango wa ofisi. Kwanza akauliza kama hali yenyewe inaambukiza. Nikasema sidhani. Nikaona amesikitika. Kisha: nikipona, nani atakaa dirishani? Akanipa kiti chake, kile cha magurudumu. Nikashukuru, nikaomba ruhusa tena. Mwisho akapata wazo – niponywe ya nyumbani tu, ya kazini ibaki ilivyo. Nikaahidi kuuliza. Hakuniamini. Atakuja mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Bosi alikuja kweli. Tena amevaa tai.

Mshauri ni mama mtu mzima, huvua viatu akitaka kusikiliza. Akauliza ilianza lini. Nikasema mwanzoni matusi ya wateja nilirudi nayo nyumbani, chakula kikawa hakipiti. Basi nikajifunza kujizima asubuhi na kujiwasha jioni. Nadhani jioni moja nilisahau kujiwasha.

Hakucheka. Bosi ndiye aliyecheka, kisha akaacha.

Mama akasema si ukatili, wala sijawa mtu mbaya. Mtu akizidiwa hujifunga kote. Hachagui kwamba matusi yabaki nje na mke aingie. Itachukua muda. Tutaonana kila wiki. Kwa sasa, nikihisi chochote, hata njaa, niandike palepale nilipo, na nitaje kiko sehemu gani ya mwili.

Bosi akauliza kuhusu ule mpango wa nyumbani tu. Mama akavaa viatu vyake.

"Kesho kaa wewe kwenye hilo dirisha, baba. Halafu tuzungumze."

Ijumaa, 14 Machi

Jana bosi alikaa dirishani mpaka saa nne. Tulimkuta stoo, ndani ya boksi la friji ya milango miwili, akisema anakagua boksi. Leo zamu zimerudi. Mimi nimepelekwa stoo. Saa sita nilihisi njaa. Tumboni. Nimeandika.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nikiwa kwenye ngazi, nje ya mlango wa shemeji. Nilibisha. Mke wangu akaja, hakufungua. Nikamweleza kupitia mlango: mshauri, njaa, bosi ndani ya boksi. Akasema amechoka, nirudi nyumbani, hanihitaji tena.

Kitu kikapita kooni. Kidogo sana, kama mwiba wa samaki. Nikaogopa kitapotea.

"Naomba urudie," nikamwambia.

Akadhani namdhihaki. Akarudia kwa sauti, neno kwa neno, akaongeza na mengine ambayo nadhani alikuwa ameyatunza muda mrefu. Kikakaa! Kooni, kinashuka kifuani. Kinauma vibaya. Nikamwambia kinauma.

Akauliza kutoka ndani:

"Sehemu gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole – halafu nikakumbuka mlango umefungwa.

Nimetoa kalamu kabla hakijaondoka. Mistari inapanda juu. Ndani shemeji ananong'ona, mke wangu anamwambia anyamaze. Sasa nasikia komeo linasogezwa. Sijui anafungua au anaongeza la pili. Naogopa. Magotini, na –