Shubiri Tano za Injini

Shoga, upo?

Shemeji yako nusura aue mtu leo. Nusura amuue mdogo wake, tumbo moja!

Si unalijua lile gari wanalojiundia uani? Wameuza pikipiki wapate injini. Bajeti ilikuwa inatosha moja kati ya mbili, ile ndogo na ile ya silinda sita. Shemeji yako akapima nafasi kwa mkono, akamwagiza mdogo wake: "Ile kubwa ikiwa shubiri tano, ibebe." Kwa shubiri! Na futi imening'inia ukutani inamtazama!

Leo imeletwa. Haiingii. Haiingii hata kwa dawa! Na muuzaji harudishi pesa.

Weee! Shemeji yako akashika nyundo akapasua taa zote mbili za gari, kisha akamgeukia mdogo wake. "Umenilia hela!" Akampa spana ya mdomo, shoga, meno mawili chini. Akamkalia kifuani anamkaba: "Nilisema tano! Tano!" Nimemmwagia ndoo nzima ya maji, wala hasikii.

Mdogo mtu hakurudisha hata ngumi. Huku anatema damu, akaubandua mkono mmoja wa kaka yake shingoni, akabandika kiganja chake kwenye cha kaka, kidole kwa kidole.

"Nilipima tano, kaka. Hiki chako cha mwisho kiko wapi?"

Shoga! Kile kidole kilicholiwa na mashine ya kukatia chuma mwaka jana. Shemeji yako alipimia kisiki!

Mpaka sasa amekaa palepale chini, anautazama mkono wake.