Bwana Tingatinga Amepatikana

Leipzig, Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Mulembe. Natumaini barua hii imekukuta umeketi, na kama hujaketi, tafadhali keti kwanza. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au umempa wifi yako Senje Rasoa kama ulivyompa ile sweta? Mvua za mchana zimeanza? Na ng'ombe wetu mwekundu, amezaa?

Mimi ni mzima. Baridi ya huku imeanza kulegea, ingawa bado natoka nje nimevaa karibu nguo zote nilizo nazo. Nakula vizuri, usiwe na wasiwasi. Juzi nilisonga obusuma kwa unga niliouagiza kutoka mji mwingine, nikala na kabichi huku nikijifanya ni mrenda. Nusura nilie mezani.

Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine ndogo, nimeifunga kwa gundi. Usiifungue bado. Nakujua, Mama, kwa hiyo narudia: usiifungue mpaka nikuambie.

Mwaka jana tukiongea kwa simu uliniambia neno moja, ukalipita haraka, ukaanza kunieleza habari za kuku. Ulisema, "Siku hizi uso wa baba yako unanipotea. Nikifunga macho, naona kofia tu." Mimi nikacheka kidogo, nikakuuliza ya kuku. Tulipokata simu nililia sana. Wewe ulikuwa unampoteza, na mimi sikuwahi kumpata, maana alifariki kabla sijaanza kutembea. Kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu. Ile picha moja iliyokuzwa kwa ajili ya mazishi ilining'inia sebuleni mpaka bati likatoboka juu yake, na mvua ikamfuta. Ikabaki kola ya shati. Mimi nimelelewa na ile kola, Mama. Nikipata alama nzuri shuleni nilikuwa naionyesha.

Sasa nikueleze kazi yangu, maana najua unawaambia akina mama wa kanisa kwamba natengeneza kompyuta. Sitengenezi kompyuta. Naandika maagizo ambayo kompyuta inayafuata. Kampuni yetu ni ndogo, tunatengeneza kurasa za kufundishia watoto wa shule kwenye mtandao, na kurasa hizo zinahitaji picha: wanyama, mito, watu wakilima. Picha hizo hatupigi sisi. Ziko kwenye hifadhi kubwa za nchi mbalimbali, na hifadhi hizo zimeweka kitu wanachokiita API.

Nimewaza sana namna ya kukueleza kitu hiki. Unakumbuka lile dirisha la faili pale hospitali, Kakamega? Wewe huingii ndani. Unasimama nje, unasema jina na namba, na mtu usiyemwona anakwenda huko nyuma na kukuletea faili yako. Ukisema vibaya, unaambiwa hakuna. API ni dirisha la namna hiyo, ila anayesimama nje ni kompyuta yangu, na huko nyuma kuna picha ambazo hata tukikaa mimi na wewe na wajukuu wote utakaopata, hatuwezi kumaliza kuziangalia. Harusi za watu waliokufa zamani, masoko, mashua, watoto wamesimama mbele ya nyumba ambazo hazipo tena. Naagiza kutoka kitini kwangu na zinakuja kabla sijavuta pumzi. Nimefanya kazi hii muda mrefu sasa na bado siizoei. Wenzangu wanaona ni kawaida, wanakula mkate huku zinaingia. Mimi naona kama naruhusiwa kitu kikubwa kuliko mimi.

Basi baada ya lile neno lako, nilianza kuiba dakika za mapumziko na kuuliza kwenye madirisha yote ninayoyajua. Niliandika jina la Baba, Andrea Lihanda. Hakuna. Nikaandika Lihanda, Kakamega. Hakuna. Nikaandika wakata miwa, maana alikuwa mmoja wao, nikaletewa watu wengi wamebeba miwa, nikawatazama mmoja mmoja, na nikakumbuka kwamba hata nikimwona sitamjua. Nikaacha.

Mwezi huu bosi wangu akaniambia tunahitaji picha za ng'ombe dume kutoka kila pembe ya dunia. Nikaandika agizo, nikaliacha lifanye kazi. Picha hazijitokezi mara moja, Mama. Kwanza yanakuja maelezo, maneno matupu: ni nini, ni wapi, nani alipiga, na namba yake. Ukitaka kuiona picha yenyewe, unarudi dirishani na ile namba. Kwa hiyo nilikuwa nasoma maneno tu yakiteremka kwenye kioo. Fahali wa Uhispania. Fahali wa India. Fahali wa maonyesho ya wakulima, Uskoti. Halafu nikasoma: Bwana Tingatinga na fahali wake. Kakamega, Kenya.

Nilisimama. Katrin, mwenzangu tunayeketi naye, akaniuliza kama naumwa.

Mama, mimi simjui mtu wa Kakamega anayeitwa Tingatinga. Namjua fahali. Nani katika ukoo wetu hamjui? Baba alimnunua sokoni Lubao akiwa ndama mwenye mbavu za kuhesabika, akamlea mpaka akawa anawasukuma wenzake uwanjani, siku za vita vya mafahali, hadi mashabiki wakimbie. Baba Mdogo Habili hawezi kumaliza mlo bila kumtaja, na wewe huwa unakunja uso kwa sababu ya kanisa, lakini husemi anyamaze. Nimekuona.

Nilikaa na ile namba na nikaogopa kuitumia. Pengine walikuwapo akina Tingatinga wengine. Nilikwenda jikoni nikanywa maji, nikarudi, nikaomba kwa sauti, ndipo nikauliza. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzito, kwa hiyo picha ilishuka pole pole kutoka juu. Kwanza mbingu, na wingu la saa nane ninalolijua. Kisha watu wameinua matawi ya majani. Kisha pembe mbili, moja imeinama. Na mbele ya pembe, mwanaume mwembamba ameshika fimbo, shati lake halina hata kifungo kimoja kilichofungwa.

Sitakueleza uso wake. Huo ni wako kuuona. Mimi nilikuwa natazamana na mtu huyo, na sikuwa na uhakika kama ni wangu.

Ndiyo maana nilimtafuta Baba Mdogo kwanza. Nisamehe, Mama, sikutaka kukuletea mtu asiye yeye. Nilimtumia ile picha kwenye simu, naye akanipigia hapo hapo, anapiga kelele mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Haiya! Huyu ni Tingatinga!"

"Baba Mdogo, angalia mtu."

"Ngoja kwanza! Ona hiyo pembe imeinama. Hiyo pembe ilifukuzanga ng'ombe ya watu wa Butali mpaka barabarani. Na venye alikuwa anatulianga kabla ya vita, kama mtu yuko kwa maombi..."

"Baba Mdogo, nakuomba. Huyo mtu!"

Nilisikia jogoo akiwika huko nyumbani, kisha nikamsikia anapenga kamasi.

"Ni yeye," akasema. "Ni Andrea. Mungu wangu, ni ndugu yangu. Umemtoa wapi huyu, mtoto?"

Nikamuuliza mbona wameandika Bwana Tingatinga. Hapo alicheka na kulia pamoja. "Kulikuja kijana mzungu, mwanafunzi, na kamera kwa shingo. Akauliza, jina? Sisi wote tukajibu, Tingatinga! Siku ya vita nani anaulizanga jina ya mtu? Siku hiyo mtu anajulikananga na ng'ombe yake."

Yule mwanafunzi aliandika alichoambiwa, akarudi kwao, na akiwa mzee akazikabidhi picha zake kwa hifadhi. Na miaka yote hiyo baba yangu ametunzwa vizuri, mahali pakavu, kwa jina la fahali wake. Ndiyo maana kila nilipomwita kwa jina lake niliambiwa hakuna. Huko kwetu mvua ilikuwa inamfuta, na kule watu wasiomjua walikuwa wanamhifadhi.

Niliwaandikia watu wa hifadhi, na mama mmoja akanijibu kwa upole sana. Alisema amefurahi, na akabadilisha maelezo siku ile ile. Sasa mtu yeyote, popote alipo, akiuliza dirishani, anajibiwa: Andrea Lihanda na fahali wake Tingatinga. Nilisisitiza fahali abaki. Baba Mdogo asingenisamehe.

Halafu kuna jambo moja la kukusuta. Maisha yangu yote umeniambia nina paji la uso la baba. Nimesimama mbele ya kioo na ile picha shavuni. Si paji, Mama. Ni masikio! Masikio haya haya niliyokuwa nayaficha kwa kitambaa shuleni. Umenificha jambo hili kwa huruma, nakushukuru, lakini sasa nayaacha wazi.

Picha nimeichapisha kubwa, kwa karatasi ngumu, na nimeifunika plastiki pande zote. Mvua ya Kakamega ijaribu. Na hata ikishinda, usilie. Nitauliza tena, na wataniletea yule yule. Nimeuliza leo asubuhi kabla ya kuanza kuandika, si kwa sababu ya kazi, ni kutaka tu kuona. Bado yupo.

Nisalimie Senje Rasoa na meza yake ya nyanya pale Lubao, mwambie kaka yake anamcheka. Msalimie Baba Mdogo, mtunza siri wetu. Kama ameshindwa kuitunza, basi wewe unasoma haya ukijifanya umeshangaa. Wasalimie akina mama wa kwaya, na waambie sitengenezi kompyuta. Salamu pia kwa jirani yetu fundi, aliyebadilisha lile bati, ingawa alichelewa.

Haya. Futa mikono, vaa miwani, fungua ile bahasha ndogo.

Kofia ameivua, Mama.

Binti yako mwenye masikio,
Mmbone