Unga wa Msiba Wangu

Mdogo wangu Skola,

Nakusalimu kutoka Kashaulili, kwa shangazi. Joto la huku acha tu! Jana nilivua kitambaa nikae uani nipate upepo, nikasahau kabisa kwamba nina kipara. Jirani akachungulia. Huku mwanamke akinyoa, basi kafiwa. Haikupita hata saa moja, kina mama sita wakaingia na unga, maharage na kuni vichwani, wanalia. "Pole mwanetu! Nani katutoka?"

Tulikubaliana iwe siri yetu wawili, najua. Lakini ningewaachaje walie bure? Nikasema, "Hajafa mtu, mama zangu. Nina kansa ya titi, imenikuta ghafla. Nywele zimeondoka kwa dawa."

Yule mkubwa wao akatua kuni, akafuta machozi. "Unga wa msiba haurudishwi nyumbani. Wekeni sufuria!" Vigelegele mtaa mzima! Na wamegawana siku za kunichotea maji.

Waambie wote hapo nyumbani, sijifichi tena. Wabusu wanangu.

Skola, nimekula chakula cha msiba wangu mwenyewe, nikaomba niongezewe!

Dada yako,
Jenoveva