Babu Ananiita Deo

Mitundu, Itigi,
Singida.
19 Mei 2024

Mpendwa kaka Deo,

Habari za huko jeshini? Unakula unashiba? Na magoti je? Ulivyokuwa mvivu hata wa kupanda kichuguu, nawahurumia wanaokukimbiza alfajiri. Huku tupo, miili mizima, na mimi nazidi kupendeza, uliza yeyote hapa Mitundu. Najua simu mlinyang'anywa getini, ndiyo maana nimeshika kalamu, mimi niliyeishia fomu tuu. Ukiona kosa, sahihisha kimya kimya.

Nakuandikia habari za babu yetu Isaka. Kutulia siwezi, nimeshainuka mara tatu tangu nianze.

Babu anasahau. Anakula ugali, ananawa, halafu anamuuliza Bibi Kristina mbona leo hapiki. Zamani Bibi aligomba, siku hizi anampa chai tu.

Nilimpeleka zahanati kwa bodaboda, nimemfunga mgongoni kwangu kwa kitenge cha Bibi asidondoke. Dakta Bonaventura akanieleza na nikaelewa mara moja, si kujisifu. Kichwa ni kama stesheni ya Itigi. Jambo jipya linashushwa kwanza nje, halafu wapo wabebaji wa kuliingiza ghalani, na hiyo kazi wanaifanya zaidi mtu akilala. Kwa Babu wanaougua ni wabebaji. Mzigo wa leo unabaki nje, unapotea. Wa zamani umo, ndiyo maana anamtaja kwa jina ng'ombe wa baba yake lakini uji wa asubuhi haukumbuki. Ila ghala nalo litaharibika, magunia ya karibu na mlango yakitangulia. Kazi za mikono na miguu, zile alizozirudia miaka mingi, zina chumba chao pembeni, hizo hukawia kutoka. Nikauliza dawa ya kurudisha kilichopotea. Akasema hana.

Hapo nikaikumbuka mizinga ya nyuki. Unajua desturi ya ukoo wetu, miti yenye mizinga haiandikwi wala haielekezwi kwa mdomo. Mwenyewe anamtembeza mjukuu mmoja, basi, na huyo ni wewe. Alikufikisha korongoni, ukalilia miiba, mkarudi. Njia iliyobaki anaijua Babu peke yake, na mwezi ujao ni mavuno. Nilimwomba anitembeze mimi. Akasema njia ni ya Deo.

Sasa kosa langu. Jumatatu kulipokucha alisimama mlangoni na shoka lake akanitazama. "Deo, twende."

Nikaitika.

Mtu asiyejua choo kilipo, kaka, aliipita ile miiba bila kusita hata mara moja, nami nikawa nakimbilia nyuma, mimi nisiyeshindwa mbio na mtu. Tukavuka korongo. Kwenye mninga wa kwanza akapapasa alama ya ukoo, akacheka kama kijana, akauchukua mkono wangu akauweka pale. Mti wa pili vilevile. Wa tatu nikashindwa. Nikamwambia, "Babu, mimi Elisha."

Alinitazama sana. "Elisha, umefuata nini huku? Kamwite mwenzio."

Akageuza. Tulipofika nyumbani alikuwa ameshasahau yote, mimi ndiyo siwezi.

Kesho yake akaniita Deo tena, na jana pia. Nasingizia mguu unauma. Baba ameshasema tumzuie kutoka, atapotea. Mimi naona tukimkalisha, hata miguu itasahau.

Ningeweza kuitika mpaka mti wa mwisho, ukarudi ukakuta mizinga ni yangu. Akili hiyo ninayo. Lakini nataka neno lako kwanza. Ukipata ruhusa, njoo hata siku tatu. Ukikosa, niandikie kwa mkono wako: akiniita Deo, niitike?

Shangazi Faith anakusalimu, na mdogo wetu Yasinta anaomba picha yako ukiwa na kipara. Bibi anakuombea kila jioni, Mungu akutangulie na akurudishe salama.

Babu nimemuuliza sasa hivi ana salamu gani. Amefikiri, akasema, "Msalimie Elisha. Mwambie aje, simuoni siku hizi."

Ni mimi, mdogo wako anayekupenda,

Elisha