Mama Mkwaruzo na Fundi Kesho

Mwaka umetimia, Mama, tangu uiweke kalamu chini ukatuacha. Mengi tumeyazoea, mengine bado. Meza yako ya kuchorea ipo palepale dirishani, Baba anaifuta vumbi mwenyewe na hataki msaada wa mtu. Mama mdogo angali anakuja Jumapili, angali anaanza kucheka kabla hajafika katikati ya hadithi yake, ila sasa hakuna wa kumwambia, "Mdogo wangu, unavuna hata hujapanda."

Wasomaji wa gazeti walikujua kwa jina moja tu, Mkwaruzo, lile ulilolitia kwenye kona ya chini ya kila katuni. Sisi tulikujua kabla ya hapo, ulipokuwa karani wa matangazo katika gazeti hilohilo, ukiwapokea wanaouza makochi na wanaotafuta mbwa waliopotea. Siku moja mwenye tangazo la magodoro akaliondoa dakika za mwisho, ukurasa ukabaki na pengo, na mhariri akawa anazunguka chumba kizima ameshika kichwa. Wewe ukachukua kalamu ukamchora fundi seremala anayeitafuta penseli yake kila mahali, kumbe iko sikioni. Mhariri aliitazama, akacheka kwa pua, akasema, "Iwekwe." Wiki iliyofuata watu wakapiga simu kuuliza yule fundi yuko wapi.

Ndivyo alivyozaliwa Fundi Kesho, fundi wa kila ahadi na wa kazi isiyoisha.

Ulikuwa na msemo wako kuhusu kazi hiyo, na wageni walipokuuliza siri yake uliwapa huohuo. "Katuni ni nyumba ya vyumba vinne. Cha kwanza mgeni anakaribishwa. Cha pili anakalishwa. Cha tatu anasahau kilichomleta. Cha nne ndipo anagundua kwamba kiti hakina mguu." Baada ya hapo ulirudi kwenye karatasi, ukafuta neno moja, halafu jingine. Ulisema maneno yakizidi, kicheko hukimbia, na kichekesho kikihitaji maelezo kimeshakufa, kilichobaki ni kuzika.

Sisi ndio tuliokuwa mizani yako. Uliweka karatasi mezani kando ya chai, ukajifanya unatafuta kijiko, kumbe unatutazama midomo. Aliyecheka kwenye chumba cha tatu alikuharibia siku, maana ulijua umeitoa siri mapema. Aliyeuliza "Sasa hapo ndiyo nini?" alikufanya uichane karatasi bila kinyongo na uanze upya. Kwenye foleni za benki na za hospitali ulitazama miguu ya watu, si nyuso. "Uso umefundishwa adabu," ulikuwa ukisema. "Miguu haijasoma."

Katuni yenyewe iliyozua mambo tunaikumbuka sote. Mteja anaagiza kitanda cha mtoto, Fundi anamwambia kesho asubuhi na mapema. Anarudi, anaambiwa kesho. Anarudi tena, mvi kichwani, anaambiwa kesho. Katika chumba cha nne amekuja mtoto mwenyewe, jitu zima lenye ndevu, anauliza, "Kile kitanda changu?" Na Fundi anamjibu, "Nipe mpaka kesho, nakirefusha kidogo."

Mji mzima ulicheka. Baba peke yake hakucheka, kwa sababu Baba ni seremala.

Mpaka siku hiyo alikuwa akilipokea gazeti lako kama mtu anayepokea salamu, analikunja na kulitia mfukoni. Lakini asubuhi ile mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili aliingia karakanani na kusema mbele ya watu, "Fundi, lile kabati langu, au na mimi nimtume mwanangu akishaota ndevu?" Wateja wakashika mbavu. Baba akalifungua gazeti, akasoma amesimama. Jioni alipofika nyumbani alilitandaza kando ya sahani yako.

"Huyu ni nani?"

"Fundi," ulisema.

"Fundi gani?"

"Mafundi ni wengi, baba watoto."

"Wenye penseli sikioni, wenye kidole gumba kilichopondwa na nyundo, waliooa karani wa gazeti. Hao nao ni wengi?"

Ulimtazama, ukaona hakuna mzaha. "Hapana," ukasema. "Huyo ni mmoja."

Baba hakupaza sauti. Angefoka, yangekuwa mepesi. Alisema tu, "Nimeshika randa tangu ujana wangu. Nilidhani hapa nyumbani angalau ninaheshimika." Akanawa mikono, akaenda kulala hajala.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa baridi. Mlisemeshana kwa kupitia sisi watoto: mwambie baba yako chai tayari, mwambie mama yako nimesikia. Mama mdogo aliposikia alikuja mbio, akakuweka kitako jikoni. "Dada," alikwambia, "gazeti lina kurasa nyingi. Mume unaye mmoja." Ulimjibu kwamba hukumchora ili kumdhalilisha, kwamba ulimchora kwa sababu ndiye mtu unayemjua kuliko wote duniani. "Basi kamwambie yeye, si mimi," akasema. Ulikwenda. Baba alikusikiliza, akaitikia kwa kichwa, lakini hakulainika.

Ndipo ulipoamua kumwondoa Fundi. Hukumuua, ulisema kuua ni uvivu wa mchoraji. Ulimfanya amalize kazi zote kwa siku moja: makabati, meza, kile kitanda cha jitu lenye ndevu, vyote akavipeleka kwa wenyewe. Katika chumba cha nne kulikuwa na stuli tupu, na juu yake karatasi iliyoandikwa "Nimemaliza." Uliichora mara moja bila kufuta, nasi ulipotuwekea mezani hakuna aliyecheka. Kitinda mimba wako alilia.

Baba alidhani mambo yamekwisha. Kumbe ndiyo yalikuwa yanaanza. Mtaani walishajua nani anachora na nani anachorwa, wakaanza kufika karakanani kumuuliza kama anaumwa, kama anahama, kama ni kweli anafunga. Wengine hawakufika kabisa, wakapeleka mbao zao kwingine wakidhani fundi amestaafu. Kisha akaja mama mmoja muuza mayai, mteja wa zamani, akakaa kwenye gogo na wala hakuulizia samani yoyote.

"Fundi," alisema, "mrudisheni yule bwana."

"Mlikuwa mnanicheka," Baba akamwambia.

"Nani akucheke wewe? Mimi kwangu nina mume wa kesho kama yeye. Bomba litatengenezwa kesho, paa litazibwa kesho. Tulikuwa tunagombana mpaka majirani wanafunga madirisha. Tangu aanze kuisoma ile katuni, nikimtajia bomba ananiambia 'nalirefusha kidogo', tunacheka, halafu anachukua spana. Sasa mmemwondoa, nifanyeje mimi?"

Baba alitusimulia habari hiyo miaka mingi baadaye. Kesho ya siku ile ya muuza mayai alivaa shati lake la kwendea kwa watu, akaenda ofisini kwenu bila kukuambia. Wewe ulikuwa dirishani kwako unapokea matangazo, ukamwona anapita ameshika kofia mkononi, risiti ukaiacha nusu. Alikwenda moja kwa moja kwa mhariri.

"Nimekuja kumwombea yule fundi," alisema.

Mhariri akamwangalia. "Wewe ni nani yake?"

"Ndiye mimi."

Inasemekana mhariri alimwita mpiga picha, mpiga chapa, mpaka mfagiaji, waje kumwona. Baba aliwapa mikono wote. Alipotoka alipitia dirishani kwako, akainama kama mteja. "Nina tangazo," akasema. "Fundi amerudi kazini. Ila kidole gumba mchore vizuri, kimepona." Ulicheka mpaka ukajifunika uso kwa risiti.

Tangu hapo Baba akawa mshirika. Alirudi jioni na vumbi la mbao kwenye nyusi, hata viatu hajavua, anasema, "Leo nimekuletea kitu." Ulimsikiliza mpaka mwisho, na mara nyingi ulimwambia, "Hicho hakichekeshi, baba watoto. Hicho ni kweli tu." Hakukata tamaa. Kimoja kati ya kumi ulikichukua, naye wiki nzima alitembea kifua mbele.

Hukumcheka mnyonge, Mama. Mhariri mmoja aliyekuja baadaye alitaka Fundi awadhihaki akina mama waliokuwa wanafukuzwa vibandani mwao sokoni. Ulimwambia kwamba Fundi hana habari nao, yeye anadaiwa kiti na ofisa wa soko. Ukamchora ofisa huyo amekaa sakafuni akisubiri kiti. Mhariri aliichapa, shingo upande.

Kiharusi kilipokuja kilichukua mkono wa kulia na nusu ya maneno. Binti yako mkubwa, ambaye ni muuguzi, alituambia ukweli bila kuupaka sukari: utatembea, lakini kuchora tusitegemee. Ulimsikia. Kesho yake, palepale wodini, ulionyesha kwa kidole kuwa unataka karatasi, ukaanza kwa mkono wa kushoto. Mistari ilitetemeka kama kamba ya nguo kwenye upepo. Ukaitazama muda mrefu, ukaandika chini yake, "Fundi ana homa." Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa ametoka kupasuliwa, alipiga kelele, "Mwambieni dada huyu aache, mshono wangu utafumuka!" Tulijua hapo kwamba bado uko nasi.

Fundi aliugua homa muda wote uliobaki. Baba alikupigia mistari ya vyumba vinne kwa kipimamraba chake, imenyooka kuliko ulivyowahi kuinyoosha, nawe ukaijaza taratibu. Kiharusi cha pili hakikubisha hodi. Ilikuwa asubuhi, Baba akiwa ameshika rula upande mmoja wa karatasi na wewe upande mwingine. Hukuteseka. Hilo tunalishukuru.

Mwezi uliopita alikuja mgeni kutoka gazetini, yule mwenzako anayechora katuni za ukurasa wa michezo. Wasomaji wanamtaka Fundi, alisema, na mhariri anaomba ruhusa ya familia yeye aendelee naye. Alileta michoro. Tuliizunguka meza kama zamani. Mkono anao, na kusema kweli tulicheka. Baba alisoma zote, akarudia, akavua miwani.

"Unachekesha," alimwambia. "Lakini huyu humpendi. Humu ndani anaonekana mjinga. Mke wangu hakunichora mjinga hata siku moja. Alinichora nimechelewa."

Mgeni akainamisha kichwa. Baba akamsogezea chai. "Mwache Fundi apumzike. Wewe nenda kamchore mtu unayempenda, ambaye anakukera kila siku."

Mgeni alifikiri, kisha akasema taratibu, "Labda mama mkwe. Lakini nikimchora huyo, mke wangu atanifukuza nyumbani."

"Basi umeshapata chumba cha kwanza," Baba akasema. Akacheka, Mama, kile kicheko chake kikubwa cha karakanani. Hatukuwa tumekisikia tangu uondoke.

Unakumbukwa na mumeo, seremala. Na wanao, muuguzi, dereva na fundi cherehani, ambaye ndiye kitinda mimba wako. Na mdogo wako. Na wakwe zako na wajukuu wanaogombania kalamu zako za rangi. Na wenzako wa dawati la matangazo. Na mama muuza mayai na mumewe.

Pumzika kwa amani. Siku zote tutakukumbuka, na utuwie radhi, mara nyingi tutakuwa tunacheka.