Jina Lako Kwenye Shamba Langu

Kaka mpendwa,

Huku tu wazima. Goti la mama limepata nafuu, siku hizi anatembea hadi kisimani bila fimbo. Alizeti yangu imekomaa vizuri, vichwa vimeinama kwa uzito.

Jumanne nilikwenda ofisi ya kilimo kuulizia ruzuku ya alizeti, maana wenzangu wote wameshapata na wewe ulisema yangu imechelewa tu. Karani alipekua orodha, akaniambia, "Mama, shamba hili linalipwa, huu msimu wa pili." Akanigeuzia karatasi. Namba ya shamba ni yangu. Jina ni lako.

"Unamfahamu huyu?" akauliza.

"Ndiye aliyenijazia fomu," nikamjibu. Nilishindwa kusema tumenyonya ziwa moja.

Mama aliponiuliza, nilimwambia mtandao ulikuwa unasumbua. Sijawahi kumdanganya mama, na nimemdanganya kwa ajili yako.

Jumatatu afisa kilimo anakuja kupima shamba upya. Anataka mwenye jina amwonyeshe mipaka, mbele ya majirani. Njoo umwonyeshe, kaka, kama unaijua. Utanikuta palepale, navuna.

Bado ni dada yako.